SWICHI IWE MKONONI MWA MWENYE NYUMBA

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi fundi umeme kama mimi haulizwi tena habari za fyuzi na globu peke yake. Tukitoka zamu, pale getini, au penye meza ya chai, au nyumbani siku ya Jumapili, mtu hunijia na kisanduku kidogo alichokinunua mjini na kuniuliza: "Fundi, hizi swichi zisizo na waya ni nzuri? Niziweke nyumbani?" Wengine ni vijana wa kiwandani waliojenga vyumba viwili kwa mkopo wa chama cha akiba. Wengine ni wazee waliokaribia kustaafu. Tena swali hilo sasa limefika mpaka kwenye mazungumzo ya chama na mwajiri, kama nitakavyoeleza mbele. Kwa hiyo nimeona afadhali nitoe maoni yangu hapa mbele ya wote, maana nimechoka kuyarudia getini.

Nasema mapema kwamba mimi si adui wa vitu vipya. Swichi isiyo na waya yaweza kumfaa sana mfanyakazi, na nitaonyesha ni wapi. Lakini kabla ya kuuliza bei yake, au uzuri wa kioo chake, au kama inasikia sauti ya mtu, hapana budi tuulize jambo moja. Siku ambayo simu imezima, mtandao umekatika, na kampuni iliyotengeneza kitu hiki imefunga mlango wake, je, mkono wangu utaweza kuwasha na kuzima taa ya nyumba yangu? Kama jibu ni hapana, kitu hicho kirudi dukani.

YALIYOMPATA MZEE WETU

Mwenzetu mmoja alifanya kazi kwenye boila kwa miaka 31. Alipostaafu, alichukua akiba yake ya uzeeni akajenga nyumba nzuri karibu na senta, nyumba ya matofali, yenye mabati na sakafu ya saruji. Mtoto wake anayefanya kazi mjini alitaka kumfurahisha baba. Akamletea globu sita zenye redio ndani yake, zinazowashwa kwa simu. Fundi wa mtaani aliyezifunga akaona swichi za ukutani hazina kazi tena. Akazing'oa, akaunganisha nyaya moja kwa moja, akaziba matundu kwa plasta.

Miezi ya kwanza watu walikuja kutazama. Mzee alikaa barazani jioni, akabonyeza simu, taa ya nje ikawaka. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Kisha mtoto akabadilisha simu. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, na neno la siri alikuwa amelisahau. Programu ikataka ifanywe upya, ikakataa kufunguka, na barua alizoiandikia kampuni hazikujibiwa. Tangu siku hiyo globu zikawa hazimsikii mtu. Umeme ukiwapo, zote sita zinawaka. Ili mzee na mama walale gizani, ilibidi wazime swichi kuu ya nyumba nzima, na friji nayo ikazimika.

Swichi kuu ilikuwa sebuleni, karibu na mlango wa mbele. Usiku mmoja mzee aliizima, akaanza kurudi chumbani kwa kupapasa ukuta. Akajikwaa kwenye ngazi moja ya ukumbini, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Nilikwenda kumtazama. Aliniambia maneno ambayo sitayasahau: "Kijana wangu, miaka 31 nimewasha na kuzima boila inayoendesha kiwanda kizima. Nyumbani kwangu nimeshindwa kuzima taa."

Jumamosi iliyofuata nilipasua plasta, nikarudisha swichi sita za kawaida. Bei ya zote sita haikuzidi bei ya globu moja ya aina ile. Mama alibonyeza ya kwanza, akacheka, kisha akafuta machozi.

Tumlaumu nani? Mtoto alikuwa na nia njema. Fundi alifanya kazi kwa haraka, lakini hakuelezwa. Mimi naona kosa kubwa ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza swali nililolitaja hapo juu.

JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Swichi ya kawaida ni kitu rahisi. Waya wa moto unashuka ukutani, unaingia kwenye swichi, unarudi juu kwenye globu. Ukibonyeza, chuma kinagusana na chuma, umeme unapita. Ukibonyeza tena, vinaachana. Ndiyo maana swichi iliyotiwa ukutani miaka 40 iliyopita bado yafanya kazi, kama haikuingiwa na maji.

Swichi isiyo na waya imegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kitufe, ambacho chaweza kubandikwa popote: ukutani, mlangoni, au kando ya kitanda. Sehemu ya pili ni kipokezi, ambacho kimefungwa kwenye nyaya za taa, mara nyingi juu darini. Kitufe kinatuma amri kwa mawimbi ya redio. Kipokezi kinasikia, na rilei iliyo ndani yake inaunganisha au kuachanisha nyaya. Kwa hiyo mjue kwamba waya haukuondoka. Umeme wa volti 240 bado unapita darini, na bado unaua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye tofauti. Amri yaweza kupita njia tatu.

Njia ya kwanza ni kitufe kusema na kipokezi moja kwa moja, ndani ya nyumba yako.

Njia ya pili ni kitufe kusema na kisanduku cha kati kilichomo nyumbani mwako, nacho kikasema na kipokezi. Kisanduku kikiharibika, vitufe vingi hunyamaza.

Njia ya tatu ni ndefu. Unabonyeza simu, amri inakwenda kwenye intaneti, inavuka bahari mpaka kwenye mashine za kampuni huko ng'ambo, ambazo huitwa seva, kisha inarudi tena mpaka kwenye taa iliyo juu ya kichwa chako. Ni sawa na mfanyakazi kuandika barua kwa mkurugenzi aliye nchi nyingine ili aruhusiwe kufungua bomba lililo mbele yake. Barua ikifika na ikijibiwa, maji yatatoka. Isipojibiwa, atakaa na kiu.

Swichi za njia hizi zote zimejaa madukani, na kwa nje zinafanana. Muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Yeye anajua rangi na bei.

WALIOTUTANGULIA

Mtu asidhani nasema haya kwa sababu sisi ni wakulima na wafanyakazi tusioelewa mambo. Huko Marekani kwenyewe watu wameumia. Palikuwa na kisanduku kiitwacho Revolv, cha kuongoza taa na vitu vingine vya nyumbani. Wateja walikinunua kwa dola 300 hivi, wakaahidiwa huduma ya maisha. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa mali ya Google. Mei 2016 seva zikazimwa. Visanduku havikuwa vimeharibika, lakini vikawa havina kazi tena. "Maisha" waliyoahidiwa wateja hayakufika hata miaka mitatu.

Mfano wa pili ni Insteon, kampuni nyingine ya Marekani iliyouza swichi za taa. Aprili 2022 seva zake zilizimika ghafla bila wateja kupewa taarifa. Simu zao zikawa haziwezi kuamuru kitu. Lakini tazameni jambo hili: mahali ambapo swichi moja ilikuwa imefundishwa kusema na nyenzake moja kwa moja ndani ya nyumba, taa ziliendelea kuwaka na kuzimika kwa mkono kama kawaida. Waliokuwa wameweka kila kitu kwenye njia ndefu ndio waliokwama. Juni ya mwaka huo kikundi kidogo cha wateja wenyewe kilijichanga kikainunua kampuni, seva zikafufuliwa, na baadaye wateja wakaanza kutozwa ada ya kila mwaka. Sisi watu wa ushirika tunaona kwamba walifanya jambo la kiume. Lakini ni kazi kubwa mno kununua kampuni ili uweze kuzima taa ya chumbani.

Na hapa kwetu je? Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa Uganda nzima kwa siku tano hivi. Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukalegea Afrika ya Mashariki yote. Siku hizo aliyekuwa na swichi ya ukutani hakujua kama taa na intaneti vina uhusiano wowote. Na iwe hivyo.

SOMO LA MITA

Wapo watakaosema: "Fundi, mbona mita zetu za kulipia kabla ni mambo hayo hayo ya namba na kompyuta, na tunazitumia?" Ni kweli, na mfano huo wafaa sana kutufundisha.

Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyotakiwa kuingiza kwenye mita za Yaka namba mbili ndefu, kila moja ya tarakimu 20, kabla ya ile ya umeme wenyewe? Wenzetu wa nchi jirani wanaosoma ukurasa huu nao walitakiwa hivyo hivyo. Sababu yake ni hii. Mita za aina ile zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo inaishia kwenye dakika milioni 16 na laki saba na zaidi. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyorekebishwa ilikataa namba mpya.

Lakini mita ziliokolewa, na ziliokolewa kwa sababu kanuni yake haikuwa siri ya kampuni moja. Ni kanuni iliyoandikwa na kuchapishwa, inayofuatwa na watengenezaji wengi duniani. Tarehe ilijulikana miaka mingi kabla. Dawa ilikuwa moja kwa mita za kila jina. Kama kila mtengenezaji angekuwa na kanuni yake ya siri, leo wangapi kati yetu wangekuwa gizani kwa sababu kampuni fulani ilikufa mwaka 2010?

Basi fundisho la pili ndilo hilo. Ukichagua swichi isiyo na waya, chagua iliyofuata kanuni ya wengi. Zipo zinazoitwa Zigbee, zipo Z-Wave, na tangu Oktoba 2022 ipo alama ya Matter, iliyokubaliwa na makampuni mengi makubwa, ambayo vitu vyake vyaweza kusemezana ndani ya nyumba bila kupitia ng'ambo. Kampuni moja ikifa, kipokezi chake chaweza kuongozwa na kisanduku cha nyingine. Swichi inayokubali programu ya kampuni yake peke yake ni kama ng'ombe anayekubali kukamuliwa na mtu mmoja tu. Siku mtu huyo akihama, maziwa yamekwisha.

ZINAPOFAA

Nilisema nitaonyesha faida, na faida zipo. Mfanyakazi wengi wetu tunaishi kwenye vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba hataki ukuta uchongwe. Swichi iko mlangoni na kitanda kiko pembe ya pili. Hapo kitufe cha kubandika kando ya kitanda, na kipokezi kimoja darini, ni msaada mkubwa, hasa kwa mgonjwa, mama mjamzito, au mzee kama yule wetu. Ukihama, unabandua kitufe chako unakwenda nacho.

Tena vipo vitufe visivyotumia betri kabisa. Kampuni ya Ujerumani iitwayo EnOcean, iliyotokana na Siemens mwaka 2001, ndiyo iliyoeneza jambo hili. Ukibonyeza, nguvu ya kidole chako inasogeza sumaku ndogo kwenye koili, umeme kidogo unazaliwa, nao unatosha kutuma amri moja ya redio. Dinamo ya baiskeli ni ndugu yake. Sasa makampuni mengine yanatengeneza vitufe vya namna hiyo kwa bei nafuu zaidi. Mimi navipenda, kwa sababu havina betri ya kwisha, havina akaunti, wala havihitaji simu. Mawimbi yake yaweza kufika meta 30 hivi ndani ya jengo, lakini ukuta wa zege lenye nondo na mabati huyapunguza sana, kwa hiyo jaribu kabla ya kubandika.

KITUFE CHEKUNDU

Ndugu zangu wa kiwandani, kila siku mko mbele ya kitufe chekundu chenye umbo la uyoga kwenye bamba la njano. Sote twajua kazi yake. Mkono wa mwenzako ukivutwa na mkanda, huendi kutafuta msimamizi, wala huulizi kama mtandao upo. Unapiga kitufe, mashine inasimama, na haiwezi kuanza tena mpaka mtu akifungue kitufe kwa mkono na kuiwasha upya. Kitufe hicho kiko karibu na mtu anayeweza kuumia. Ndiyo kanuni yake ya kwanza. Kikiwa ofisini, hakina maana.

Taa ya nyumbani si mashine ya kukamua miwa, nakubali. Lakini mama anayeamka usiku kwa sababu mtoto ana homa, naye anataka taa sasa hivi, hapo alipo. Mzee anayekwenda msalani vilevile. Kanuni tuliyoipigania kwenye mashine yafaa ifuatwe chumbani pia: amri ya kuwasha na kuzima ikae karibu na mtu ambaye giza litamwumiza.

NYUMBA ZA KAMBI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika shamba moja ambako wanachama wetu wanafanya kazi, usimamizi umeleta mpango wa nyumba mpya za kambi. Nyumba zenyewe ni nzuri, nasi tunazipokea kwa mikono miwili. Lakini katika mpango huo taa za vyumbani zitaongozwa kutoka ofisini kwa swichi zisizo na waya, na zitazimwa zote saa nne usiku. Sababu iliyotolewa ni kwamba wafanyakazi wanaacha taa zikiwaka mchana na gharama inapanda.

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya mapaa ya kambi zikienda viwandani, na chini yake watu walisoma kwa koroboi. Baada ya kungoja muda wote huo, tupewe taa, lakini swichi ibaki kwa bwana?

Msimu wa kusaga miwa, kiwanda hakilali. Mtu wa zamu anarudi nyumbani saa nane usiku, anavua viatu gizani? Mtoto wa darasa la saba anayesoma mtihani, afunge kitabu kwa sababu karani amebonyeza? Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, wenzake wamsaidie kwa tochi ya simu?

Na lipo jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Mfumo wa namna hii huweza kuandika kila taa ilipowashwa na ilipozimwa, nyumba kwa nyumba, dakika kwa dakika. Mwenye daftari hilo anajua nani anaamka mapema, nani ana wageni, na ni nyumba gani ilikaa na taa mpaka usiku wa manane siku ambayo wafanyakazi walikutana kuzungumza mambo yao. Uganda inayo Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2019, ambayo kwa kawaida inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijakusanywa. Kupewa ufunguo wa nyumba hakumaanishi kwamba umekubali.

Wengine husema: "Mbona sola za kulipia kidogo kidogo nazo hufungwa kutoka mbali usipolipa?" Naam, lakini pale kuna mkopo, kuna mapatano, na kuna mwisho. Ukimaliza kulipa, kifaa ni chako na kufuli linaondoka. Katika mpango huu wa kambi sikuona mwisho wowote.

Gharama ya umeme ni jambo la kweli, wala chama kisijifanye hakilioni. Lakini zipo njia za haki. Kila nyumba iwe na mita yake, na mapatano yaseme mwajiri atalipa yuniti ngapi kwa mwezi. Zikizidi, mkazi alipe mwenyewe. Globu ziwe za LED. Taa za nje, za njiani na za vyoo, ziwekewe kijicho kinachowasha giza likiingia na kuzima kukipambazuka. Huko nje swichi ya kujiendesha yafaa kabisa. Ndani ya chumba, mkono wa mkazi. Napendekeza wajumbe wetu walishike neno hilo katika mazungumzo yajayo, na liandikwe kwenye mapatano.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kwa wanaotaka kununua kwa fedha zao, haya ndiyo mambo ninayoyatazama mimi.

Kwanza, mwombe muuzaji aifunge mbele yako kwenye globu. Kisha azime ruta na aweke simu mfukoni. Bonyeza. Kama taa haiwaki, usinunue.

Pili, usikubali fundi ang'oe swichi ya ukutani. Vipo vipokezi vyenye mahali pa kufungia nyaya mbili za swichi ya zamani, ili iendelee kuamuru kama ilivyokuwa. Nunua hicho.

Tatu, uliza kama inahitaji waya wa nyutro. Nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza: kwenye kisanduku cha swichi ukutani zipo nyaya mbili tu, wa moto na wa kurudi kwenye taa. Nyutro imebaki juu darini. Swichi inayodai nyutro haitafanya kazi hapo. Ile isiyodai hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye globu, na globu ndogo ya LED huweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu hata ikizimwa. Dawa yake ni kuweka kipokezi juu darini, kitufe kikabaki ukutani.

Nne, uliza taa inakuwaje umeme ukikatika na kurudi. Nyingine hurudi zikiwa zimewaka. Umeme ukirudi saa tisa usiku, au mchana wewe uko shambani, yuniti zako zinakwenda bure. Chagua inayorudi ikiwa imezimwa, au inayokumbuka ilivyokuwa.

Tano, kipokezi hula umeme hata taa ikiwa imezimwa. Tuseme kila kimoja kinakula wati moja. Vipokezi kumi kwa saa 24 vitakula wati-saa 240 kwa siku. Globu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano inakula 45 tu. Yaani vipokezi vyako vinakula zaidi ya globu tano, na hakuna mwanga. Kwa hiyo weka kimoja au viwili mahali penye haja, usijaze nyumba.

Sita, kama kitufe kina betri, tazama ni betri gani, na kama yapatikana kwenye duka la senta yako.

Saba, kama lazima pawe na akaunti, iwe kwa jina la mwenye nyumba, na neno la siri liandikwe kwenye daftari linalowekwa pamoja na hati ya kiwanja.

Nane, usitumie kipokezi cha taa kuendesha pampu, pasi au jiko. Na usibadilishe globu kwa kuamini kwamba simu imesema imezimwa. Kiwandani tunatia kufuli na kibao kabla ya kugusa mashine. Nyumbani zima swichi kuu. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye kibali.

MWISHO

Ndugu wafanyakazi, mkono wa yule mzee umepona, ingawa hauna nguvu kama zamani. Nilipopita kwake juzi nilimkuta amebandika kitufe kimoja kando ya kitanda, kile kisicho na betri, nilichomfungia mwenyewe. Swichi zake sita za ukutani ziko mahali pake. Alikibonyeza kunionyesha, akazima, akawasha tena. "Hiki," akasema, "hata nikifa mama ataweza."

Hicho ndicho kipimo. Kitu kipya kikituongezea uwezo, tukipokee. Kikituondolea uwezo tuliokuwa nao jana, tukikatae, hata kikiletwa na mtoto wetu kwa upendo, au na mwajiri kwa maneno matamu. Wajumbe wanaokwenda kwenye mazungumzo wajue kwamba tuko nyuma yao, na kwamba sharti letu ni fupi: taa ya chumbani iongozwe na anayelala chumbani.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi, fundi umeme wa kiwanda cha sukari